Nyumba Yenye Umeme wa Nchi Mbili

Isaac Okochi hushona maturubai ya malori. Kazi hiyo aliichagua kwa sababu lori linaloshonewa turubai huwa limesimama, na kitu kilichosimama hakimgongi mtu. Hivyo ndivyo alivyochagua karibu kila kitu maishani. Kanisani hukaa benchi la karibu na mlango. Samaki humpekua miba kama askari wa forodha anavyopekua begi la mgeni. Akiteng, msichana wa Molo kule Tororo, alimwoa kwa sababu, anasema mwenyewe, ndiye pekee ambaye hakumtisha. Hali hiyo ilidumu mpaka walipooana.

Sisi majirani wa mtaa wa Sofia, hapa Busia ya Uganda, hatumcheki sana. Mwoga ni jirani mzuri. Makaa yake huyamwagia maji mara mbili, na mbwa wake amefungwa hata kabla hajafikiria kuuma. Kilichotushangaza baadaye ni kwamba mtu huyu, anayeogopa mpaka radi ya mwaka jana, aliishi miaka mingi katika nyumba yenye umeme wa nchi mbili, na usingizi akaupata.

Nyuma ya nyumba yake kuna mtaro, na ng'ambo ya mtaro ni Kenya. Uani huko anakaa Aziz, fundi wa kuchomelea vyuma, anayetengeneza milango ya malori. Umeme wetu ukikatika, mara nyingi kwa Aziz upo. Stima ya Aziz ikipotea, kwa sababu kule huitwa stima, wetu huwa umerudi. Wakubwa wa nchi hizi hukaa mikutano juu ya ushirikiano wa kanda; Okochi na Aziz walimaliza jambo hilo kwa waya mmoja, uliovuka mtaro ndani ya bomba la maji na kuingia dirishani. Sebuleni kwa Okochi, soketi ya ukutani ilikuwa Uganda, na ekstensheni ya chini ya dirisha ilikuwa Kenya. Taa ilikuwa ya Uganda, pasi ilikuwa ya Kenya, na nguo zilinyooka bila kuulizwa pasipoti.

Okochi aliuogopa waya ule, lakini aliuogopa vibaya. Alichoogopa ni wakaguzi. Kila aliposikia pikipiki imesimama mlangoni, alitupa gunia juu ya bomba na kuanza kupiga mluzi, jambo ambalo halifanyi wakati mwingine wowote. Kwamba waya wenyewe ungeweza kuua mtu, hilo halikupata nafasi kichwani mwake. Mlikuwa mmejaa wakaguzi.

Mwaka huu mama mkwe wake, Asekenye, alipasuliwa jicho hospitalini Tororo. Daktari akasema moshi na vumbi visimkaribie mpaka jicho lipone. Kule Molo kuna jiko la kuni, na kuna barabara inayotimua vumbi. Kwa Akiteng kuna gesi na sakafu ya saruji. Basi bibi akaletwa Busia, na Okochi akaanza kukonda.

Kwa Wateso, na Wasamia kina Okochi hawako mbali nao, mwanamume hakai chumba kimoja na mama mkwe wake. Hampi mkono. Hamwiti jina. Wakikutana njiani, mmoja hukumbuka ghafla kwamba ana shughuli majanini. Wazee wa Molo waliulizwa, wakajadili, wakaona kwamba ugonjwa ni ugonjwa: bibi akae sebuleni, mkwe atoke. Okochi akahamia stoo ya uani, akalala juu ya maturubai ya watu, na maneno yake yote kwa bibi yakapitia kwa Akiteng, kama mizigo inavyopitia kwa wakala. Wakala naye, kama mawakala wote, alipunguza hapa na pale.

Bibi alikuwa na lalamiko moja tu: amekosa misa. Mjukuu wake Patricia, anayefanya kazi Kampala, akamhurumia, akatuma kwa basi amplifaya ya siku hizi, ile inayovuta sauti yenyewe kutoka mtandaoni, pamoja na spika mbili na wufa ya kuongeza besi. Amplifaya ilikuwa sanduku la bati jeusi lenye kitufe kimoja cha duara. Kuna parokia inayorusha misa ya Jumapili kwa Kiteso, na sala nyingine katikati ya juma, na bibi angezipata zote akiwa kitini.

Akiteng aliichomeka amplifaya ukutani. Ukutani palikuwa na tundu moja, kwa hiyo wufa ikaenda kwenye ekstensheni ya dirishani. Kisha akaviunganisha vyombo viwili kwa waya mwembamba wa sauti, na kwa namna hiyo, bila hotuba wala bendera, Uganda na Kenya zikashikana mikono karibu na goti la mama mkwe.

Padre alisikika vizuri. Nyuma yake kulikuwa na mvumo, kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Padre aliponyamaza, nyuki waliendelea. Mara nyingine kulitokea mlio wa ghafla, kama kitambaa kigumu kinachochanwa, halafu nyuki tena. Bibi alivumilia. Okochi, aliyekuwa akishona uani chini ya dirisha, hakuvumilia. Kwake sauti isiyo na mwenyewe ni sauti ya kitu kinachokuja.

Jumamosi alimpigia simu Otai, fundi wa redio na spika kule Tororo. Uchunguzi ukafanyika kwa njia ndefu: Otai alimwambia Okochi, Okochi akamwambia Akiteng kupitia dirishani, Akiteng akafanya, na bibi, kitini, akatoa maoni ambayo hayakuombwa.

Otai alitaka kwanza sauti ishushwe hadi mwisho kabisa. Nyuki walibaki. Basi, akasema, si wimbo wala mtandao, kelele inazaliwa baada ya hapo. Simu na kile kisanduku cha waifai viwekwe mbali. Nyuki walibaki. Waya wa spika ya kulia uhamishiwe kushoto, wa kushoto kulia, tuone kama kelele itahama. Haikuhama. Nyaya za spika zisilale pamoja na waya wa umeme. Zikatenganishwa, nyuki hawakujali. Mwishowe akasema wufa itolewe kabisa. Akiteng akachomoa, na sebule ikawa kimya mpaka bibi akauliza kama kuna mtu amekufa. Wufa ikarudishwa, nyuki wakarudi nayo.

"Basi nimewapata," Otai akasema. "Hiyo amplifaya na hiyo wufa zinagombana juu ya waya wa ardhi, ule wa kumwaga umeme uliopotea udongoni. Kila moja ina njia yake ya kwenda chini. Zimechomekwa soketi moja?"

Hapo Okochi aliona mbele yake wakaguzi wa nchi zote mbili, wamevaa makoti, wameshika bomba la maji kila mmoja upande wake.

"Ziko nyumba moja," akajibu.

"Mzee wangu, nimeuliza soketi."

"Ni hapa hapa. Ni karibu karibu."

Otai alikuwa na mteja mbele yake. Akasema kama ni hivyo hakuna haraka, ni kelele tu, siku akipita Busia ataangalia. Ila wasithubutu kukata kile chuma cha ardhi kwenye plagi, maana kuna watu hufanya hivyo ili wapate kimya, na kimya chenyewe huwa kirefu. Okochi akashukuru, akakata simu, akajipongeza kwa kuponyoka.

Jioni Akiteng alimletea chakula stoo, na katika kuweka sahani akasema jambo kama anavyosema mtu habari ya kuku.

"Mama anasema hiyo sanduku inamgusa vidole. Akiwekaga mkono pale juu, inatetemesha mpaka hapa." Akaonyesha kiwiko. "Anasema ni baraka. Hakutaka kuambia watu, wataona anajidai."

Okochi aliweka tonge chini. Alipokuwa kijana aliwahi kugusa pasi mbovu, na mkono wake ulikumbuka kabla ya yeye mwenyewe kukumbuka. Ikamjia kwamba bibi, kila siku ya sala, aliweka kiganja juu ya lile bati ili asikie neno vizuri, akiwa miguu mitupu kama alivyozoea, juu ya saruji ambayo Akiteng huipiga maji asubuhi na jioni kwa ajili ya vumbi. Akamwambia mkewe aende sasa hivi, achomoe wufa kwenye ule waya wa Aziz, na amwambie mama asiguse sanduku tena, kwamba linaweza kumuua.

Akiteng akaenda. Wufa aliichomoa kweli. Kuhusu ujumbe, aliona si adabu kumwambia mzazi maneno ya kifo usiku usiku, tena yanayotoka kwa mkwe. Akamwambia, "Mama, mkweo anasema usijichoshe na hiyo sanduku." Bibi akajibu kwamba mkwe ana roho nzuri, na kwamba hajachoka.

Okochi hakulala sana, lakini alijua wufa iko nje ya umeme, na mambo ya Jumapili angeyapanga Jumapili. Kwenda kwa Aziz kuufungua waya wenyewe kulihitaji maelezo, na maelezo kwake ni kama kuvuka barabara kubwa. Hata kuingia sebuleni kuhakikisha hakuweza. Bibi alikuwa mle.

Asubuhi bibi alionja maombi ya kwanza bila wufa, akasema padre amekuwa mbu. Akiteng alikuwa na haraka, kwaya ilimngoja kanisani. Akakumbuka kwamba nyuki ni kelele tu, fundi mwenyewe kasema. Akairudisha plagi kwenye ekstensheni ya dirishani, akapiga sakafu maji, akaondoka. Mumewe hakuambiwa. Alikuwa nyuma ya stoo akikunjua turubai.

Kwa hiyo Okochi alipokaa chini ya dirisha na sindano yake na kusikia nyuki, aliacha kushona. Akajiambia ni masikio. Akajiambia pengine ni nyuki wa kweli. Ng'ambo ya mtaro Aziz alikuwa kazini, ana mlango wa lori unaotakiwa kabla ya adhuhuri, na kila cheche yake ilipotoka, kitambaa kilichanika ndani ya spika. Cheche, mchaniko. Cheche, mchaniko. Okochi alisikiliza hivyo mara kadhaa kabla ya kuelewa kwamba anasikia mambo mawili yaliyofungwa kamba moja.

Padre akafika kwenye mahubiri. Ndani, bibi alianza kutoa sauti.

Ilikuwa sauti ya chini, ya puani, isiyo na maneno. Okochi alidhani anaimba. Halafu akadhani anasali, na akainamisha kichwa, kwa kuwa si vizuri mkwe kusikiliza sala ya mama mkwe. Sauti haikupumua. Hilo ndilo lililomwinua: kila mtu anayesali hupumua.

"Mama?" akaita. Tangu aoe hakuwahi kumsemesha moja kwa moja. Hakujibiwa.

Akachungulia dirishani. Asekenye alikuwa amesimama nusu, ameinama juu ya sanduku, vidole vimelikumbatia bati. Mkono ulitikisika mpaka begani. Jicho lisilofungwa bendeji lilimtazama Okochi, na ndani yake hamkuwa na baraka yoyote.

Wengi wetu tungeingia na kumshika. Ndivyo mtu anavyofanya. Okochi alifika mlangoni, mikono mbele, na mikono ikakataa. Haikuwa busara, na yeye mwenyewe hadai kwamba ilikuwa busara. Alikuwa tu hajawahi kumgusa, na miaka yote ya kutomgusa ilisimama pale kizingitini kama ukuta. Akageuka, akakimbilia swichi kuu kibarazani, akaishusha.

Padre akakatika katikati ya neno. Spika zikafa, taa ndogo ya amplifaya ikazimika. Okochi akashusha pumzi, akarudi mlangoni.

Bibi alikuwa bado ameshikwa.

Hakuna kelele sasa, hata moja. Nyumba nzima imezimwa, na mwanamke anaendelea kutetemeka kwenye sanduku lililokufa. Okochi anasema hapo ndipo alipojua hofu ni nini. Zile nyingine zote zilikuwa mazoezi. Kwa dakika ile aliamini kinachomshika bibi si umeme, na angeliamini hivyo mpaka bibi afe, kama macho yake hayangeshuka kwenye wufa. Taa yake nyekundu ilikuwa inawaka.

Kenya ilikuwa bado inaingia kupitia dirishani. Alimpigia Aziz kelele; Aziz alikuwa na barakoa ya kuchomelea usoni na mashine ikinguruma. Kuifikia plagi chini ya dirisha ilibidi apite alipo bibi, mwili kwa mwili. Basi akafanya jambo la pekee alilojua kulifanya bila kumkosea mtu adabu. Akanyakua turubai kavu la kibarazani, akalitupa juu ya mama mkwe wake kama anavyofunika shehena, akalizungusha kiunoni mwa bibi, akavuta kwa nguvu zote, macho ameyafumba, kwa heshima.

Wakaanguka wote wawili mlangoni, turubai katikati. Sanduku likabaki mezani. Okochi alilala hapo akisikiliza chini ya turubai, na kimya kikawa kirefu, kirefu mno, mpaka akaanza kutunga maneno ambayo angemwambia Akiteng.

"Nani amenifunga kama gunia?" turubai likauliza kwa unyonge.

"Ni mimi, mama. Okochi."

Turubai likajivuta kando kidogo.

"Mkwe. Umenigusa?"

"Hapana, mama. Ni turubai."

"Haya," akasema Asekenye, na ndipo akaanza kulia, taratibu, na Okochi naye akalia upande wake.

Kiganja kiliungua; nesi wa kliniki alikifunga, akasema moyo uko sawa ila uangaliwe. Jicho halikudhurika. Otai alikuja kesho yake bila kungoja kupita Busia, maana safari hii Okochi alimweleza yote kwa simu, waya, bomba, mtaro, nchi, akipaza sauti mpaka nasi tukasikia, wakaguzi wangekuwepo nao wangesikia. Otai akafuata waya mpaka kwa Aziz. Mashine ya kuchomelea ilikuwa na waya uliochubuka ukigusa bodi lake la chuma, na chuma cha ardhi cha Aziz kilikuwa kimeliwa na kutu. Umeme ulikosa njia ya kwenda chini nyumbani kwake, ukatafuta nyingine: ukavuka mtaro, ukapita ekstensheni, wufa, ule waya mwembamba wa sauti, mpaka kwenye bati la amplifaya, ambayo soketi yake ya ukutani ilikuwa na ardhi hafifu tu, na kutoka hapo ukaipata njia nzuri kuliko zote, bibi wa miguu mitupu kwenye sakafu ya maji. Zile kelele, akasema, zilikuwa zikisema hayo tangu mwanzo.

Hakumlaumu Okochi. Aliuliza tu, akikunja nyaya zake, ni nani aliyemfungua bibi. Alipoambiwa kuhusu turubai, alitazama sakafu. "Ungemshika kwa mkono," akasema, "mngeshikwa wote."

Akiteng alikausha sakafu kwa matambara siku nzima. Aziz alikuja amenyong'onyea, mikono nyuma. Alikuwa amepigilia chuma kipya cha ardhi, na mashine ameitengeneza, na alikuwa na wazo: avute waya mwingine mnene, wa kisasa, wenye kinga.

"Mzee, nakuapia hii itakuwa haina noma. Utakaa gizani na stima iko hapa mkononi?"

Okochi hajawahi kumkatalia mtu kitu ana kwa ana. Alimwangalia Aziz, rafiki wa miaka, akaangalia mtaro.

"Hapana, Aziz," akasema. "Nitakaa gizani."

Wakaukata pamoja, kila mtu upande wake. Wufa na amplifaya sasa ziko kwenye soketi moja ya ukutani ambayo Otai aliitengenezea ardhi ya kweli, na nyuki wamehama. Wazee wa Molo waliletewa kesi, wakauliza swali lile lile la bibi, kama alimgusa, wakaambiwa ni turubai, wakaridhika. Okochi bado analala stoo.

Juzi jioni umeme ulikatika. Ng'ambo kwa Aziz balbu iliwaka kama kawaida, na kwa Okochi kukawa giza. Akiteng alikuwa jikoni akitafuta mshumaa. Okochi, uani, alisikia sauti kutoka dirishani, ikimjia yeye moja kwa moja, bila wakala.

"Mkwe. Imezimika ni watu wa umeme?"

"Ni wao, mama."

"Na ule waya mwingine?"

"Tulikata, mama."

"Angalia."

Okochi akaenda pale dirishani waya ulipokuwa ukiingilia, akapapasa kwa kijiti kikavu, ndani, pembeni, chini. Palikuwa patupu. Akamwambia hakuna kitu. Bibi akasema, kwa sauti ndogo ambayo hakuwa nayo alipokuja, aangalie tena.

Akaangalia tena. Ombi hilo halikumshangaza hata kidogo. Alikuwa tayari ameanza kuangalia mara ya tatu kabla hajaambiwa.